Nilimpa Mnasihi Wangu Alama Zote, na Kuna Neno Sijamwambia

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto watatu, na ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha korosho wilayani Tandahimba. Naomba usitaje kijiji changu, kwa sababu watu watanijua kabla hawajafika mstari wa tatu.

Msimu wa mwaka juzi, ghala lilipopima upya mzigo tuliopeleka, ulionekana upungufu wa magunia 23. Kabla hesabu hazijakamilika, habari ilikwishafika gulioni kwamba karani amekula korosho za wakulima. Nilisimamishwa kazi, nikahojiwa mbele ya mkutano wa wanachama, na mzee mmoja aliyenifundisha Kurani utotoni alisimama akasema afadhali ningekufa mdogo. Baada ya miezi minne ilibainika kwamba sehemu ya upungufu ilikuwa unyaufu, kwa kuwa korosho zilipimwa zikiwa hazijakauka vizuri, na sehemu nyingine ni magunia yaliyoandikwa mara mbili katika kitabu ambacho hakikuwa changu. Nilirudishwa kwa barua ya mistari minne. Mkutano wa kunisafisha haukuitishwa.

Kazini nilirudi, lakini usingizi haukurudi. Nikisikia jina langu linaitwa kwa sauti, moyo ulikuwa ukinipiga mpaka naona giza. Mizani nilishindwa kuishika. Mwenzangu alikuwa akipima, mimi naandika. Mjomba wangu, ambaye kwetu ndiye mwenye neno, aliniandalia kisomo, na mke wangu akanisihi niende hospitali. Nilifanya yote mawili. Hospitalini nilimkuta mnasihi, binti mdogo kuliko mimi lakini mwenye subira, na tangu mwezi Machi nimekaa naye mara nane. Amenifundisha namna ya kutuliza pumzi, tumeandika pamoja mawazo yanayonijia usiku, na akanipa kazi ya kulisogelea ghala kidogo kidogo: siku ya kwanza niishie kwenye mwembe, kisha mlangoni, kisha ndani wakati hakuna watu. Sasa napata usingizi wa saa tano au sita kwa usiku, na juma lililopita nilipima magunia kumi na moja kwa mkono wangu.

Mnasihi huyu anashirikiana na watafiti wa chuo kikuu kimoja wanaochunguza ni kitu gani hasa katika tiba ya mazungumzo kinachomponya mtu: mbinu za mnasihi, au uhusiano uliopo kati yake na anayemhudumia. Tangu kikao cha tatu najaza fomu yenye maswali kumi na mawili: kama naona ananielewa, kama tumekubaliana juu ya tunachokitafuta, kama namwamini. Sasa wanaomba vikao vinne vilivyobaki virekodiwe kwa kinasa sauti. Mtafiti alikuja mwenyewe, akanieleza kwa heshima kwamba ni hiari yangu, lakini alinieleza mnasihi akiwa ameketi pale pale, ananitazama. Nikaomba wiki mbili za kufikiri.

Nina hofu mbili na swali moja. Hofu ya kwanza ni hiyo sauti. Nimeishi na karatasi miaka kumi na miwili, na najua karatasi inavyoweza kumgeuka mtu. Sembuse sauti yangu mwenyewe nikiwa ninalia. Hofu ya pili naona haya hata kuiandika. Katika fomu zote nimempa mnasihi alama za juu kabisa, na si kweli. Katika kikao cha nne, nilipokuwa namsimulia siku ya mkutano, aliniuliza: "Lakini kweli hakuna hata gunia moja lililopita mikononi mwako?" Nikajibu hapana, tukaendelea. Tangu siku ile kuna mambo simwambii. Fomu ya siku ile nayo niliijaza kama nyingine, kwa sababu nilichelea asije akaharibikiwa kazini au katika huo utafiti, na kwa malezi yetu mtu aliyekutendea wema humwandiki vibaya.

Swali langu ni hili. Mjomba anasema kilichoniponya ni kisomo na muda, kwamba maneno ya hospitali hata yeye anayo, na kwamba nauli ninayotumia kila baada ya wiki mbili ingenunua salfa ya mikorosho. Kama nimepata nafuu huku nikimficha mnasihi, je, ni yeye aliyenisaidia? Na kama sijui kilichonisaidia, nitajuaje kwamba hakitaondoka?

Karani wa Mizani,
Tandahimba

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikaona ni ya mtu aliyeombwa kurekodiwa. Niliporudia nikaona ni ya mtu aliyeulizwa kwa mara nyingine kama ni mwizi, na safari hii na mtu ambaye alikuwa ameanza kumfungulia moyo. Sidhani kama mambo hayo mawili yanatengana. Wewe ulihojiwa mbele ya kadamnasi, maneno yako yakachukuliwa na wengine, na uliposafishwa ulisafishwa kimya kimya kwa mistari minne ambayo hakuna aliyesomewa. Mtu aliyepitia hayo akiombwa sauti yake itunzwe na watu asiowajua, akasita, mimi sioni ugonjwa hapo.

Nianze na kinasa sauti, kwa kuwa ndicho chenye tarehe. Huenda itakusaidia kujua kwa nini watafiti wanakitaka. Mtu akitoka kwenye kikao hukumbuka kile kilichomgusa, na mnasihi hukumbuka kile alichokusudia kufanya, na mara nyingi kumbukumbu hizo mbili hazilingani. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliona hilo mapema sana, na enzi ambazo sauti ilikuwa bado inachongwa kwenye santuri yeye na wanafunzi wake walirekodi vikao vyao, kisha mwaka 1942 akachapisha mazungumzo ya mgonjwa mmoja, neno kwa neno, tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho. Kabla ya hapo dunia ilikuwa ikitegemea masimulizi ya waganga wenyewe juu ya walivyoponya, na wewe karani unajua thamani ya hesabu inayotolewa na mwenye ghala peke yake.

Kwa hiyo haja yao ni ya kweli. Lakini haja ya mtafiti haikuwekei wewe deni. Utafiti wa afya hapa nchini hauanzi bila kibali cha maadili, na chombo chenye dhamana hiyo kitaifa ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Msingi mmojawapo wa kibali hicho ni kwamba mshiriki anaweza kukataa, au kukubali kisha akajitoa, na matibabu yake yasiguswe. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Unayo haki, basi, ya kuuliza maswali ya kikarani kabisa: nani atasikiliza, je, yumo mtu wa kwetu anayeweza kuitambua sauti yako, jina la kijiji na la yule mzee yatafutwaje, faili litakaa wapi na litafutwa lini, na je, unaweza kusema "zima" katikati ya kikao likazimwa bila kuulizwa sababu. Fomu ya ridhaa kwa kawaida huwa na namba ya simu ya kamati ya maadili. Omba nakala ukae nayo nyumbani, uisome mbele ya mkeo.

Ukikubali, hatari ninayoiona ni kwamba utaanza kuzungumza na mashine badala ya kuzungumza na mnasihi, useme yaliyo safi tu, na vikao vinne vya thamani vipite hivyo. Ukikataa, hutapoteza tiba, ila huenda ukatoka na hisia kwamba umemwangusha mtu aliyekusaidia, na hisia hiyo nayo ikawa jambo jingine la kuficha. Iko pia njia ya kukubali kikao kimoja kwanza, kisha ukajipima. Jambo moja tu naliona halikukaa sawa, nalo ni kwamba uliombwa jibu mnasihi akiwa amekaa kando yako. Inawezekana hawakuwa na nia mbaya, vyumba vya hospitali zetu tunavijua, lakini hakuna kinachokuzuia kuomba jibu lako ulipeleke kwa mtafiti mwenyewe, peke yenu.

Sasa tuje kwenye hizo alama, ambazo nakiri ndizo zilizonikalisha muda mrefu zaidi.

Maswali unayoyaeleza yanafanana na yale yaliyotokana na fikra za Edward Bordin, naye mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1979 aliandika kwamba ushirikiano wa mnasihi na anayehudumiwa una nguzo tatu: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi ya kufanya, na kile kinachowaunganisha kama watu wawili. Tangu wakati huo ushirikiano huo umepimwa mara nyingi sana. Mwaka 2018 zilikusanywa pamoja tafiti 295 zenye washiriki zaidi ya 30,000, ikaonekana kwamba pale ushirikiano unapokuwa mzuri, matokeo nayo huwa mazuri zaidi. Lakini uhusiano huo wa takwimu ni wa kiasi tu. Unaeleza kama asilimia 8 ya tofauti za matokeo kati ya mtu na mtu. Wapo wanaoutangaza kana kwamba ndiyo dawa nzima, na mimi siafikiani nao. Isitoshe, ni vigumu kujua lipi linatangulia, kwani mtu akianza kulala usiku huanza pia kumpenda mnasihi wake.

Hebu fikiria fomu zako ndani ya lundo hilo. Wewe unajua mtu akiegemeza mguu kwenye mizani inakuwaje: gunia linasoma kilo ambazo halina, na upungufu unajitokeza baadaye ghalani, mwenye mguu akiwa ameshaondoka. Silisemi hili ili kukulaumu. Ulifanya kwa adabu, na adabu ni malezi. Lakini umeamini mambo mawili ambayo ningependa tuyatazame: kwamba alama ya chini ingemharibia binti yule, na kwamba kunyamaza kulimlinda.

Kwa lile la kwanza, muulize mtafiti fomu zinaonwa na nani. Katika tafiti nyingi mnasihi haonyeshwi kabisa majibu ya mtu mmojammoja, na katika nyingine huonyeshwa kwa makusudi, ili ajue aliyekaa mbele yake anapoanza kuteleza. Sababu ni kwamba wanasihi hatuoni vizuri kama tunavyodhani. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, wanasihi waliombwa kutabiri ni nani kati ya wateja 550 wangetoka wakiwa na hali mbaya zaidi. Walitaja watatu. Waliozidiwa walikuwa 40. Basi huenda mnasihi wako, akiangalia alama zako za juu na lile ghala unalolisogelea hatua kwa hatua, anaamini kwa dhati kwamba hakuna kilichovunjika kati yenu.

Na kwa lile la pili, wanasaikolojia Jeremy Safran na mwenzake Christopher Muran walitumia miaka mingi kuchunguza nyakati hizi, ambapo ushirikiano unapata mpasuko. Waliona mpasuko huja kwa sura mbili. Kuna anayegomba waziwazi, na kuna anayerudi nyuma: anaendelea kuja, anajibu, anashukuru, lakini ameshaondoka. Sura hii ya pili ndiyo ngumu kuiona, kwa sababu inafanana mno na heshima. Walichokiona pia ni kwamba mpasuko ukizungumzwa na kuzibwa, tiba haiishii kurudi pale ilipokuwa. Mara nyingi husonga mbele, pengine kwa kuwa mtu anapata jambo ambalo hakuwahi kulipata kwingine, yaani kumwambia mtu "hapa uliniumiza" na asifukuzwe. Wewe mkutano wako haukuitishwa. Sijui kama naweza kulisema hili bila kuvuka mpaka, lakini najiuliza kama katika kile chumba kidogo hakuna nafasi ya mkutano wa watu wawili.

Swali lile alikuuliza kwa maana gani? Huenda lilikuwa la kiufundi, la kukusaidia kuisikia sauti yako ikisema hapana bila kutetemeka, na akasahau kukuandaa. Huenda aliteleza. Huenda, kwa dakika moja, alikuwa na shaka kama binadamu mwingine yeyote. Sitamtetea, maana sikuwepo. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya kukaa na watu, niliwahi kumuuliza mama mmoja swali ambalo kwangu lilikuwa jepesi, na hakurudi tena. Mpaka leo sijui lilimwangukia vipi. Mapitio ya tafiti 669 yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano huacha tiba kabla ya wakati wake. Wewe hukuacha. Ulibaki na swali lile kifuani, ukaenda hivyo hivyo mpaka kwenye mwembe, mpaka mlangoni.

Ukitaka kulisema, hakuna haja ya hotuba. Watu wengine huanza kwa kusema, "Kuna swali uliniuliza siku ile, na sijalimaliza moyoni." Hatari ipo: anaweza kujitetea, au kuomba radhi haraka mno ili yaishe, na hapo ukaumia upya. Kama hilo linakuogofya, unaweza kuanzia kwenye fomu, ukaweka alama unayoiona ni ya kweli katika swali moja tu, uone utakavyojisikia ukiikabidhi. Au ukaamua kumaliza vikao vilivyobaki kama vilivyo, kwa sababu ghala linafikika na usingizi upo. Hilo nalo ni chaguo la mtu mzima, ingawa ningependa ulichague ukijua kwamba unalichagua.

Nimekuja kwa mjomba, na naomba tusimdharau, kwa sababu hoja yake ina historia ndefu kuliko anavyojua. Mwaka 1952 mwanasaikolojia Hans Eysenck, akiwa London, aliandika kwamba kama theluthi mbili ya watu wenye matatizo ya aina hii hupata nafuu ndani ya miaka miwili, wawe wametibiwa au la. Wataalamu walikasirika, kisha wakalazimika kupima. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Mary Lee Smith na Gene Glass, walijumlisha tafiti 375, wakaona kwamba mtu wa wastani aliyepata tiba ya mazungumzo alikuwa na hali njema kuliko asilimia 75 ya wale ambao hawakuipata. Kwa hiyo muda husaidia, na tiba huongeza juu ya muda. Kuhusu kisomo, Jerome Frank, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1961 kwamba waganga wa dunia nzima, wa hospitali na wasio wa hospitali, wana mambo wanayoshirikiana: mtu unayemwamini, mahali palipotengwa kwa ajili ya kazi hiyo, maelezo ya tatizo yanayokuingia akilini, na jambo la kufanya ambalo nyote mnaliamini. Siku ya kisomo ulikuwa umezungukwa na ndugu wanaokuombea, baada ya miezi ya kuzungukwa na watu wanaokushuku. Mimi sitathubutu kusema hilo halikuingia katika uponyaji wako.

Ila pale mjomba anaposema maneno ya hospitali hata yeye anayo, hapo ningemwomba asubiri kidogo. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mtaani kukaa benchini na watu wenye sononi, na utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa nao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Moshi nako, watoto waliofiwa na wazazi wamehudumiwa katika utafiti na watu ambao si wataalamu wa akili. Lakini watu hao walifundishwa hatua kwa hatua, na walikuwa na wa kuwasimamia kila walipokwama. Cheti hawakuwa nacho; utaratibu walikuwa nao. Nawe kumbuka kwamba kwa hofu iliyoshikamana na mahali, kama ile yako ya ghala, kukisogelea kidogo kidogo kile unachokiogopa ni mojawapo ya mbinu zenye ushahidi imara kuliko nyingi. Hata siku ambazo hukumwamini mnasihi, miguu yako ilikuwa inaifanya kazi aliyokupa.

Hapo pengine ndipo penye jibu la swali lako la mwisho, au sehemu yake. Unaogopa kwamba usipojua kilichokusaidia, kinaweza kuondoka. Watafiti wenyewe, kwa fomu na vinasa vyao vyote, hawajaweza kuligawa hilo fungu moja moja, na ndiyo maana wamekuja mpaka kwenu. Lakini kushusha pumzi unakujua tayari, njia ya kwenda ghalani unaijua, na mkeo aliyekusihi yupo. Nauli ikiwa kweli inabana, unaweza kuuliza kama vikao vilivyobaki vinaweza kusogezwa, hasa msimu wa kupulizia ukifika, na mjomba akaelezwa kwamba ni vinne tu.

Wiki zako mbili bado hazijaisha, na usikubali mtu azifupishe. Ukipata nafasi niandikie tena; nitapenda kusikia kama ulilisema lile neno na aliitikaje, au kama hukulisema, na pia kama yale magunia kumi na moja yameongezeka.